Kabla hujapiga Windows kwenye Mac, soma yaliyonikuta

Juzi usiku nilikuwa barazani hapa Ngamiani, Tanga, nasubiri joto lipungue ndani, ikaingia meseji ya kijana mmoja wa Bagamoyo. Nainakili kwa ruhusa yake: "Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Mjomba wangu yuko Oman, ameniletea MacBook Air ya M2. Nasoma uchoraji wa majengo na chuoni tunatumia Revit. Kuna fundi anasema atanipigia Windows kwa elfu hamsini na nitatumia kama kawaida. Nimpe?"

Marahaba, mdogo wangu. Usimpe.

Hilo ndilo jibu nililomtumia usiku uleule, nikamwambia asubiri niandike vizuri. Nimeandika kwa ajili yake, na kwa kila mchoraji, mpima ardhi au mtunza hesabu aliyenunua Mac, au aliyeletewa na ndugu, na sasa anataka ndani yake ikae programu iliyotengenezwa kwa Windows. Najua tunachokitafuta. Tunataka kompyuta moja tu, nyepesi, yenye kioo kizuri, inayokaa na chaji umeme ukikatika, na ifanye kazi zote. Mimi niliitaka hiyo kuliko wengi, na mwezi wa nne mwaka 2022 niliilipia.

Mac ya kwanza

Kazi yangu ni kuchora barabara na mifereji. Mpima anarudi na pointi zake kutoka porini, mimi nazigeuza kuwa sura ya ardhi, natoa kontua, yaani mistari ya mwinuko, naweka mstari wa katikati wa barabara, nakata mikato, nahesabu udongo wa kuchimba na wa kujaza. Programu inayotulisha sisi ni Civil 3D ya Autodesk, na haijawahi kutolewa kwa ajili ya Mac. AutoCAD ya kawaida ipo. Ilirudi kwenye Mac mwaka 2010 baada ya kutoweka kwa miaka mingi. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Mtu anasikia AutoCAD ipo, anadhani na ndugu zake wote wapo. Civil 3D haipo. Revit, ile ya kuchora majengo, haipo. Faili la Civil 3D nikilifungua kwenye AutoCAD ya Mac mistari naiona, lakini ile sura ya ardhi inakuwa kama picha ya ukutani: unaitazama, huigusi. Ukisogeza barabara mita mbili, udongo haujihesabu upya.

Mwaka 2018 nilinunua MacBook Pro ya 2015, iliyotumika, kwa shilingi milioni moja na laki sita. Laptopu yangu ya zamani betri ilishakufa, umeme ukikatika tu na kazi imekatika. Sitaficha pia kwamba nilikuwa nimewaona wahandisi wa kigeni kwenye mradi mmoja hapa Tanga, kila mmoja na Mac yake, na nikatamani nami niingie kikaoni nikiwa na chombo kama kile.

Kuweka Windows ndani yake kulikuwa rahisi, na kulikuwa rahisi kwa sababu ambayo wakati ule sikuijali. Mwaka 2005 Apple walitangaza kwamba wanaachana na prosesa za PowerPC na kuhamia za Intel. Mac za kwanza za Intel zikatoka mwanzoni mwa 2006, na Aprili mwaka huohuo wakatoa Boot Camp, programu ya kukata kipande cha diski ya Mac na kuweka Windows humo. Kwa kuwa Mac na kompyuta za Windows sasa zilikuwa na prosesa za ukoo mmoja, Windows iliweza kuishi ndani ya Mac bila mkalimani, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mimi huwa nawaeleza watu hivi: ni nyumba moja ya wapangaji wawili, ila hawalali pamoja. Akiingia mmoja, mwenzake yuko nje, na aliyemo anatumia vyumba vyote: RAM yote, prosesa yote, kadi ya picha yote.

Diski yangu ilikuwa ya GB 256. Nilikata GB 110 nikaipa Windows. Kipimo hicho kifikirie vizuri mapema, maana Boot Camp haikuruhusu kuongeza wala kupunguza baadaye. Ukikosea unafuta kipande chote na kuanza upya. Faili la Windows 10 lilizidi GB 5, nikalishusha kwa bando la usiku. Boot Camp Assistant yenyewe ikashusha draiva za Apple ili Windows ijue spika, kibodi, kamera na Wi-Fi. Baada ya hapo, ukiwasha kompyuta unashikilia kitufe cha Option na unaulizwa unataka kuingia wapi.

Nembo ya Windows ilipotokea kwenye kioo cha Mac nilimwita mama watoto aje aone. Alikuwa jikoni anapika bada, akaja na mwiko mkononi, akatazama, akasema "hongera", akarudi kwenye sufuria yake. Mimi nilikaa pale naitazama kama saa nzima.

Usumbufu ulikuwepo, ila wa kuzoeleka. Kwenye Mac kitufe kilichoandikwa delete kwa Windows ni kile cha kufuta herufi iliyopita. Unachagua mstari kwenye mchoro, unabonyeza delete, mstari umekaa tu unakutazama. Lazima ubonyeze Fn pamoja nacho. F3 na F8, ambazo mchoraji anazigusa kila dakika, nazo zilitaka Fn mpaka nilipobadilisha mpangilio. Pedi ya kugusa ilikuwa nzito, kwa hiyo nunua mausi yenye gurudumu. Chaji ilikuwa inaisha haraka kuliko nikiwa upande wa macOS, mfumo wa Mac wenyewe. Basi. Civil 3D yenyewe ilikimbia vizuri, na kwa miaka mitatu na zaidi nilichora barabara za Pangani, za Korogwe, za Handeni, kwa kompyuta ile moja.

Watu wakaanza kunijia. Nilizipigia Windows Mac 11 za watu, kutoka Chumbageni mpaka Makorora, na hakuna hata moja iliyorudi na tatizo nililoshindwa. Najivunia hilo mpaka leo. Ila kazi 11 zilizofanikiwa zilinifanya niamini kwamba naielewa Mac, kumbe nilikuwa naielewa Mac ya Intel.

Mac ya pili

Novemba 2020 Apple walitoa Mac za kwanza zenye chipu yao wenyewe, M1. Januari 2022 nikapata MacBook Air ya M1 yenye RAM ya GB 8. Ili nitimize hela nikaiuza ile ya 2015 kwa mwalimu mmoja wa Muheza. Nilijua kwamba M1 haina Boot Camp. Nilikuwa nimesoma. Nikajiambia kuna Parallels, programu inayofungua Windows kwenye dirisha ndani ya macOS, itafanya kazi ileile, na sikuuliza zaidi ya hapo.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kompyuta haina feni, haipati joto, chaji asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nachora viwanja kwa AutoCAD ya Mac na kuandika ripoti.

Mwezi wa nne, ofisi moja ya uhandisi ya Dar es Salaam, ambayo nilishaifanyia kazi miaka mitatu, ikanipa barabara ya kilomita nne pamoja na mifereji yake. Malipo milioni sita na nusu. Walinipa faili lao la Civil 3D na programu yao ya kusoma data za vifaa vya upimaji, ambayo leseni yake inakaa kwenye kidude cha kuchomeka USB. Walitaka rasimu ya kwanza Jumatatu saa nne asubuhi. Nilikubali Jumatano. Alhamisi na Ijumaa mchana nilikuwa uwandani. Suala la Windows nikaliacha la Ijumaa usiku, kwa sababu kichwani mwangu lilikuwa suala la saa mbili.

Ijumaa usiku mvua ya masika ilikuwa inapiga mabati hata husikii simu. Nikashusha Parallels ya majaribio ya siku 14. Windows iliyokuwa inawezekana humo ni Windows 11 ya ARM, yaani ya prosesa za ukoo wa M1, na wakati ule ilikuwa bado toleo la wajaribuji. Microsoft waliidhinisha rasmi matumizi hayo kwenye Parallels mwezi Februari 2023. Ndani ya saa moja Windows ilikuwa wazi, kwenye dirisha, juu ya macOS, inang'aa. Nikasema mambo yamekwisha, nikaenda kulala kwa amani.

Jumamosi ndipo nilipoona. Civil 3D ilifunguka, na hilo ndilo lililonipotezea muda, maana kitu kikikataa kabisa unakiacha mapema. Ilifunguka, ikaniruhusu kuzungukazunguka, na kila nilipoingiza pointi za kutengeneza sura ya ardhi ikaganda. Kati ya GB 8 niliipa Windows 4, haikutosha. Nikaipa 6, macOS ikaanza kukwama. Nikasema basi nianze na data za upimaji. Nikachomeka kile kidude cha leseni. Windows ikaandika haikitambui kifaa. Nikakitoa, nikakirudisha, nikawasha upya, nikabadilisha adapta. Jioni nikampata kwa simu mtu wa msaada wa programu ile. Akaniuliza prosesa gani. Nikamwambia M1. Akasema, "Hatuna draiva ya ARM, kaka. Haitakuja kukubali."

Kwa nini haikukubali

Laiti ningekuwa nimelielewa hili Jumatano. Programu ya Windows ya kawaida imeandikwa kwa lugha ya prosesa za Intel na AMD. Chipu za M zinazungumza lugha ya ARM. Parallels haibadilishi chipu. Inajenga kompyuta pepe ndani ya Mac, na kompyuta hiyo pepe nayo ni ya ARM, kwa hiyo Windows inayoingia humo ni ya ARM. Windows 11 ya ARM ina mkalimani ndani yake anayetafsiri programu za Intel zinapoendeshwa. Kwa programu nyingi mkalimani huyo anafanya kazi nzuri, na programu ndogo hutaona tofauti.

Lakini mkalimani anaishia ukumbini. Kwenye kiini cha Windows, mahali zinapokaa draiva, haingii. Draiva lazima iwe imeandikwa kwa ARM64, yaani lugha hiyohiyo ya ARM, tangu kiwandani, au haipo. Ndiyo maana programu inaweza kufunguka vizuri huku kidude cha leseni, plota (printa kubwa ya michoro) au printa ya risiti kikakataa kabisa. Na programu nzito kama Civil 3D na Revit, Autodesk wenyewe hawaziungi mkono kwenye prosesa za ARM. Ikiganda, huna wa kumlalamikia.

Muheza

Jumapili alfajiri, mvua haijakatika, nikapanda pikipiki mpaka Muheza kwa yule mwalimu. Nilikuwa nimeshapanga maneno: naiazima kompyuta kwa siku moja, nakuachia hii yangu mpya. Mwalimu mtu wa watu. Akanikaribisha, wakaniletea chai na mihogo ya kuchemsha, akaenda ndani kuileta. Nikashikilia Option. Ikatokea macOS peke yake.

Alikuwa amekifuta kile kipande cha Windows. "Sikuwa nakitumia," akaniambia, "nikahitaji nafasi ya picha na video za harusi ya binti." Diski imebaki na GB 20, na Boot Camp inataka angalau GB 64. Hata kama ningemwomba afute video za harusi ya mwanawe, jambo ambalo mtu mwenye adabu hawezi, kulikuwa na kushusha Windows, kushusha Civil 3D, na mtandao ulikuwa unasuasua na ile mvua. Nilimaliza chai yangu, nikamshukuru, nikarudi Tanga.

Jumatatu saa tatu nilimpigia mhandisi kabla hajanipigia yeye. Nilimwambia ukweli wote. Alinyamaza kidogo, akasema: "Kwa hiyo ulichukua kazi yetu huku huna chombo cha kuifanyia." Hakupandisha sauti. Angenigombeza ningeumia kidogo. Kazi ikapelekwa kwa mchoraji wa Arusha, na tangu siku ile ofisi hiyo haijanipa hata mfereji wa mita mia. Nilishawaandikia mara mbili. Mwaka jana nilikutana na mhandisi yule kwenye kikao hapa mjini, tukasalimiana vizuri tu, akaniulizia familia, na kuhusu kazi hakusema neno. Nakiri bado inaniuma. Nilikuwa nimewapa miaka mitatu bila kuchelewesha hata mara moja, na ikafutwa na wikiendi moja ya uzembe wangu.

Kwa hiyo ufanyeje

Uliza programu kwanza. Usiulize "naweza kuweka Windows kwenye Mac?" Kuweka unaweza, karibu Mac zote zina njia. Uliza: programu inayonilisha inataka nini? Fungua tovuti ya mtengenezaji, tafuta mahitaji ya mfumo, soma mstari wa prosesa. Ukiona Intel au AMD tu, na ARM haijatajwa, amini hivyo ilivyoandikwa.

Pili, ijue Mac yako. Bonyeza alama ya tofaa juu kushoto, chagua About This Mac. Ikiandika Chip na jina la M1, M2 na kuendelea, hiyo ni ARM. Ikiandika Processor na Intel, ni ya zamani.

Ya Intel bado inakubali Boot Camp, lakini kwa Windows 10 tu kwa njia rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya kompyuta, na Mac za Intel haziipi. Kuna watu wanairuka hiyo hatua kwa mbinu, nimewaona, na kompyuta zinawaka. Mimi siwezi kuweka kazi ya mteja juu ya mbinu. Halafu Apple wenyewe walishatangaza kwamba macOS Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Kama unayo, itumie. Kwenda kununua Mac ya Intel leo kwa ajili ya Boot Camp ni kununua ngalawa iliyoanza kuvuja.

Ya M inataka kompyuta pepe. Parallels ni nzuri na inalipiwa. VMware Fusion tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa biashara. UTM nayo ni bure ila inataka uvumilivu. Zote utazipa Windows 11 ya ARM, na leseni ya Windows ni juu yako. Kompyuta kuwa pepe hakufuti leseni. RAM ya GB 8 ni ndogo kwa mifumo miwili kwa wakati mmoja, nimeonja, na kwenye Mac hizi RAM haiongezwi baada ya kununua. Chukua 16 tangu dukani.

Kuna pia Wine, iliyoanza mwaka 1993, na CrossOver iliyojengwa juu yake. Hizo hazihitaji Windows kabisa, zinaigiza tu majibu ambayo programu inayategemea kutoka kwa Windows. Kwa programu ndogo jaribu. Civil 3D kwangu haikufika popote.

Flashi na diski za kubebea faili zifomati kwa exFAT, ambayo Mac na Windows zote zinaisoma na kuiandikia. Ukiziacha kwenye NTFS, fomati ya Windows, macOS itasoma tu, haitaandika, na utagundua hilo siku ya haraka.

Na vifaa: andika kila kitu unachochomeka. Printa, plota, kidude cha leseni, mashine ya kusoma alama za vidole. Tafuta draiva ya ARM64 ya kila kimoja kabla hujalipa mtu hata mia. Uliza programu kwanza, halafu uliza vifaa. Nalirudia kwa sababu mimi mwenyewe nililiruka.

Sasa nije kwa mafundi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Fundi anayekwambia "nitakupigia Windows utumie kama kawaida" bila kukuuliza unatumia programu gani, hajakuelewa shida yako, au ameielewa na anataka elfu hamsini yako. Muulize: kwa njia gani? Akisema Boot Camp kwenye M2, chukua kompyuta yako uondoke. Akisema kompyuta pepe, muulize leseni iko wapi na draiva zitatoka wapi. Kazi yetu ni ya kuaminiwa. Mtu anakukabidhi chombo alichopewa na mjomba wake aliyetoka jasho ugenini, wewe unakijaza programu za kuchakachua kutoka kwenye flashi iliyopita kompyuta mia. Nilishasafisha kompyuta ya aina hiyo hapa Ngamiani: mchoro wa mteja wote umefungwa na virusi, nakala nyingine hana. Tuache. Na wewe mwenye kompyuta, weka nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje kabla ya kuruhusu mtu yeyote kugusa mfumo.

Mimi nilinunua ThinkPad iliyotumika, yenye Windows Pro, kwa ajili ya Civil 3D peke yake. Inakaa nyumbani mezani. M1 yangu bado ninayo na naipenda. Nikiwa Pangani naiingia ThinkPad kwa mbali kutoka kwenye Mac, nachora kana kwamba niko mezani. Kwa Remote Desktop ya Microsoft inabidi mashine ya nyumbani iwe na Windows Pro, maana ya Home haipokei wageni. Inahitaji umeme nyumbani na mtandao wa kueleweka kila upande. Siku nyingi inakubali.

Na wiki iliyopita nimepata jambo lililonituliza moyo. Mwenye duka la jumla hapa Ngamiani alipelekewa iMac ya M1 na mwanawe, akataka programu yake ya stoo na mauzo, ya Windows, ihamie humo. Zamani ningesema lete. Safari hii nilikaa naye siku nzima bila kugusa kompyuta. Nikamwomba jina na toleo la programu, nikaijaribu kwanza kwenye Mac yangu na data za uongo. Nikamwomba jina kamili la printa ya risiti, nikatafuta kama mtengenezaji ametoa draiva ya ARM64. Ametoa. RAM yake ni GB 16. Alinunua leseni ya Windows, nikaweka Fusion, na kompyuta ya zamani nikamwambia asiiuze mpaka mwezi uishe. Risiti ya kwanza ilipotoka aliikata akanipa, "iweke kumbukumbu". Ninayo kwenye pochi.

Sasa wewe mdogo wangu wa Bagamoyo. Zawadi ya mjomba usiiuze. Inafaa kuandikia, kupanga michoro ya kuwasilisha, kuhariri picha za majengo. Revit ifanyie kwenye maabara ya chuo, na ile elfu hamsini iwe ya kwanza kwenye kibubu cha laptopu ya Windows iliyotumika. Leseni usinunue ya mtaani: Autodesk wanawapa wanafunzi Revit bure kwa mwaka mmoja mmoja ukithibitisha kwamba unasoma. Na muulize mwalimu wako kama atapokea kazi iliyochorwa kwa Archicad, programu nyingine ya kuchora majengo, na kutolewa kama faili la IFC, ambalo programu tofauti za majengo zinaweza kulisoma. Archicad ilianzia kwenye kompyuta za Apple tangu miaka ya 1980, ipo ya Mac mpaka leo, na wanafunzi nao wanapewa bure. Akikubali, huhitaji Windows mpaka umalize muhula. Nijulishe amesema nini, hata kama ni usiku.